Manung'uniko Yetu juu ya Wageni



Kasisi ametuomba tuandike kidogo juu ya neno lililozuka katika funzo la Biblia mwezi uliopita. Wengi mlikuwapo mkalisikia, na wengine mlilisikia nyumbani likiwa limekwisha kuongezwa chumvi. Yafaa basi tulieleze kwanza jinsi lilivyokuwa.

Juma lile zahanati yetu ilikuwa karibu kuishiwa dawa ya mseto ya watoto. Mama mmoja, mshiriki mwaminifu wa Umoja wa Mama, alikaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi na mjukuu wake mgongoni, mtoto akiwaka homa. Mbele yake katika foleni walikuwapo wanawake watatu waliosema Kirundi, katika wale vibarua wanaovuka mpaka kuja kulima mashamba yetu. Dozi ya mwisho ilipewa mtoto wa mmoja wao. Ilipofika zamu ya mama huyu aliambiwa aende duka la dawa, naye fedha hakuwa nayo, ikambidi akope. Jioni ile katika funzo alisema kwa sauti ya kutetemeka: "Tutapenda jirani mpaka lini? Hawa wametumalizia kuni, wametumalizia maji, sasa wametumalizia na dawa." Mzee mmoja wa kanisa akamjibu kwamba Mkristo hanung'uniki, na kwamba ni manung'uniko yaliyowaangusha Waisraeli jangwani. Mama akanyamaza. Kabla ya sala ya mwisho alikuwa amekwisha kuondoka. Mtoto, ashukuriwe Mungu, alipona.

Sisi siku ile tulikaa kimya. Jibu la yule mzee halikutupendeza, wala hatukuwa na jibu lililo bora. Tangu hapo tumelifikiri swali lenyewe: Je, ni dhambi kumnung'unikia mgeni, anapotumia kile kidogo ambacho hakitutoshi hata sisi wenyewe?

Sura ya sita ya Matendo ya Mitume wengi wetu tuliisoma tukiwa watoto wa Shule ya Jumapili, kwa ajili ya Stefano. Tulikaririshwa majina saba, tukayasahau matano. Lakini habari ile haianzi na Stefano. Yaanza na chakula. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa likiwagawia wajane posho kila siku, na hesabu ya waumini ilikuwa ikiongezeka. Wale waliosema Kiyunani, ambao wengi asili yao ilikuwa nchi za mbali, walinung'unika juu ya wenyeji waliosema Kiebrania, kwa kuwa wajane wao walirukwa katika mgawo. Angalieni basi Mitume walifanya nini. Hawakusema, Nyamazeni, Mkristo hanung'uniki. Hawakusema, Rudini mlikotoka. Wala hawakukana kwamba wajane walirukwa. Waliita mkutano wa waumini wote, neno likasemwa hadharani, wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema wausimamie mgawo. Majina ya hao saba yote ni ya Kiyunani, na mmoja wao, Nikolao wa Antiokia, hakuwa hata Myahudi wa kuzaliwa.

Ni kweli kwamba katika habari ile anayenung'unika ni mtu wa kuja, na anayegawa ni mwenyeji. Kwetu ni kinyume chake. Lakini jambo tulilolishika ni hili, kwamba manung'uniko si ya namna moja. Yale ya jangwani yalitaka watu warudi Misri. Yale ya Yerusalemu yalitaka hesabu. Mama yetu hakutaka kurudi Misri. Alitaka kujua dawa imekwenda wapi, nasi tukamjibu kwa kumnyamazisha.

Basi tufanye hesabu. Katika sehemu zetu hizi za Ngara hesabu hiyo haiwezi kuanza mahali pengine ila mwaka 1994. Vijana wetu hawakuyaona mambo yale, nao hudhani wazee tunakuza. Mwezi Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na Warundi wengi wakavuka. Kisha tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kumiminika katika daraja la Rusumo juu ya mto Kagera, na kwa muda wa siku moja hivi walivuka watu wapatao 250,000. Walitoka Rwanda, ambako mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yakiendelea. Katika kundi lile walikuwamo watu waliokimbia kwa hofu tu, wakinamama na watoto. Na walikuwamo pia waliokuwa wameua. Sisi hatukuweza kuwatenganisha. Walipelekwa Benaco, palipokuwa na kambi ya zamani ya wajenzi wa barabara na bwawa la maji. Baadaye zikaongezeka kambi nyingine, Lumasi, Musuhura, Lukole. Katika wilaya yetu wageni wakawa wengi kuliko wenyeji.

Mtu asituambie kwamba hapakuwa na shida. Vilima vilivyokuwa na miti vikabaki na visiki, kisha visiki navyo vikang'olewa. Maharage yalichumwa usiku kabla hayajakauka. Katika hospitali ya karibu wagonjwa walilala chini, kati ya vitanda na chini ya vitanda. Wataalamu waliopima watoto wa mkoa wa Kagera kabla na baada ya ujio ule waliona kwamba watoto wadogo wa wenyeji, wale waliokaa karibu na kambi, walipungua kimo na kuugua zaidi kuliko wenzao waliokaa mbali. Hayo yaliandikwa na watu wasio na sababu ya kuwachukia wakimbizi. Kwa hiyo mama anaposema watoto wetu huumia, hasemi upuuzi.

Lakini sisi tulikuwa walimu, na jambo la shule tunalijua kwa ndani. Wakati ule ilikuwa imepita kama miaka kumi tangu tutoke chuo cha ualimu, tukifundisha shule ya msingi isiyo mbali na barabara kuu. Mwanzoni mwa mwaka 1994 tulikuwa walimu tisa. Mwaka ulipokwisha tulikuwa watano. Watoto wa wakimbizi hawakukaa hata siku moja kwenye madawati yetu. Walikuwa na shule zao ndani ya kambi, chini ya maturubai, wakifundishwa na walimu wao mambo ya kwao. Wenzetu wanne walikwenda wapi, basi? Waliandikwa kazi na mashirika ya misaada. Mmoja alikuwa mkalimani, wawili makarani wa ghala, na wa nne dereva, maana kwa kweli alijua gari kuliko alivyojua hesabu. Mshahara wa mwezi mmoja kule ulishinda wa miezi kadhaa kwetu. Wauguzi nao walifanya vivyo hivyo. Wanafunzi wa darasa la sita na la saba waliona walimu wao wamekwenda kambini, nao wakafuata, wakauza ndizi na kununua mahindi ya msaada. Madawati kadhaa yalitoweka usiku yakawa kuni, na hatukujua kamwe kama aliyeyachukua alikuwa mgeni au mwenyeji mwenye kuwauzia wageni kuni.

Kijijini ilisemwa kwamba wakimbizi wameua shule. Sisi tuliokuwa ndani tulijua kwamba shule ilifunguliwa mlango na tofauti ya mishahara, ikatoka yenyewe kwa miguu yake. Hatuwalaumu wale wenzetu wanne. Walikuwa na watoto wa kusomesha. Sisi pia tuliandika barua ya kuomba kazi huko, na hatukujibiwa.

Kuna wataalamu wengine waliozipima kaya zilezile za Kagera miaka mingi baadaye. Hao waliona kwamba kwa wastani maisha ya waliokaa karibu na kambi yaliendelea vizuri zaidi, hasa kwa sababu ya barabara zilizotengenezwa kwa ajili ya malori ya misaada. Kwa wastani! Neno hili tumelifundisha darasani kwa miaka mingi, nasi twajua hatari yake. Mtu mmoja akiwa na mbuzi kumi na jirani zake tisa hawana hata mmoja, kwa wastani kila mtu ana mbuzi mmoja, na watu tisa watalala bila maziwa wakiwa na mbuzi wa hesabuni.

Hapo ndipo tulipoanza kuona kiini cha neno lenyewe. Aliyekuwa na shamba kubwa la migomba alifanikiwa sana miaka ile. Alipata watu wa kupalilia kwa ujira ambao hakuna mwenyeji angeukubali, akapata na wanunuzi wa ndizi mlangoni pake. Aliyekuwa na duka aliongeza duka. Aliyejua Kiingereza alipata kazi. Lakini mjane aliyezoea kupata riziki yake kwa kulima kibarua alikuta ujira umeanguka. Bibi aliyeokota kuni nyuma ya nyumba yake akazifuata mbali, asubuhi mpaka adhuhuri. Asiye na shamba kubwa alinunua mafuta ya taa na nyama kwa bei iliyopanda. Mgeni alikuwa mmoja, ila kwa mwenye shamba alikuwa neema na kwa mjane alikuwa mzigo. Na kanisani wote wawili walihubiriwa ukarimu kwa maneno yaleyale. Aliyehubiri kwa nguvu zaidi mara nyingi alikuwa yule mwenye migomba.

Torati, tukiisoma kwa makini, haifanyi hivyo. Katika Kumbukumbu la Torati imeamriwa kwamba kila mwaka wa tatu zaka ya mavuno iwekwe akiba malangoni pa mji, ili wale na kushiba Mlawi, na mgeni, na yatima, na mjane. Tafadhali yaangalieni hayo mambo mawili. La kwanza, mgeni na mjane wa nyumbani wamewekwa kwenye ghala moja. Haikuagizwa mgeni ale na mjane atazame, wala mjane ale na mgeni atazame. Miaka ile ya 1994 na 1995 wanakijiji waliona malori ya unga yakipita mbele ya nyumba zao, nao wana njaa, na hilo liliwauma kuliko kuni. La pili, ghala lile hujazwa na mwenye mavuno. Halijazwi na mjane.

Kuna ndugu watakaotujibu kwa waraka wa kwanza wa Paulo kwa Timotheo, pale asemapo kwamba mtu asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Twalikubali neno hilo kabisa. Baba anayewapa wageni uji na watoto wake wakalala njaa hastahili sifa. Serikali nayo ina wajibu kwa raia wake kabla ya wengine, na ina haki ya kujua nani anaingia nchini. Mataifa tajiri yaliyoikemea Tanzania ilipofunga mpaka wake tarehe 31 Machi 1995 yangeulizwa kwanza yenyewe yalipokea wangapi. Hatuandiki ili milango yote iachwe wazi. Tena shida hii si ya maskini peke yao: mwaka 1996 sisi tulisema wageni wametujaza hospitali na shule, na mwaka 2016 Waingereza, wenye hospitali ambazo sisi hatuwezi hata kuziota, walisema vivyo hivyo walipopiga kura ya kutoka katika Umoja wa Ulaya.

Lakini kumtunza wa nyumbani ni kumtunza kweli, siyo kumwonyesha mtu wa kumchukia. Tunao ushahidi wa jambo hilo, nao ni wa kusikitisha. Mwezi Desemba 1996 ilitangazwa kwamba wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Walirudi, karibu nusu milioni, na mwaka 1997 ulipoanza Benaco palikuwa uwanja wa matope na vitambaa vya maturubai. Tulingoja foleni ya zahanati ifupike. Haikufupika. Mashirika yaliondoka na magari yao, na wale wauguzi waliotuacha, wengine waliyafuata mashirika mpaka nchi nyingine. Wenzetu wanne hawakurudi shuleni ila mmoja, yule dereva. Adui alikuwa amekwenda na shida ikabaki, nasi tukakosa mtu wa kumlaumu.

Kisha ukaja mwaka 2002, ada ya shule za msingi ilipokwisha kufutwa. Walimu wenzetu mnakumbuka. Katika shule tuliyokuwapo wakati huo darasa la kwanza lilikuja na watoto zaidi ya mia mbili kwa mwalimu mmoja, wengine wamevuka umri, wote ni watoto wetu. Hakuna kundi la wageni lililopata kuzijaza shule zetu kiasi kile. Je, tulisema watoto hawa ni mzigo, warudishwe? Tulichanga mawe na mchanga, tukafyatua matofali, serikali ikaleta mabati, tukajenga. Taifa letu lilihesabiwa watu milioni 23 mwaka 1988. Mwaka 2022 lilihesabiwa zaidi ya milioni 61. Foleni imerefushwa hasa na wajukuu wetu, na hakuna anayewanung'unikia, wala isiwe hivyo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliutumia usemi huu alipoeleza Ujamaa mwaka 1962, na serikali yake iliufuata. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Walilima mahindi, mihogo na tumbaku, wakalipa kodi kama wengine. Kuanzia mwaka 2014 wapatao 162,000 kati ya watu hao na wazao wao walipewa vyeti vya uraia. Hata hapa Ngara, Wanyarwanda waliopokewa Muyenzi miaka ya 1960 walipewa mashamba, na leo nani awezaye kuwatambua wajukuu wao sokoni? Lakini waliokuja miaka ya 1990 waliwekwa kambini, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliwataka wasitoke bila kibali. Sababu zilikuwapo, tena nzito: ardhi ilikuwa imejaa, na bunduki zilikuwa zikipita mpakani. Hata hivyo ni vigumu kumlaumu mtu kwamba anakula bila kulima, na jembe umemzuilia mwenyewe.

Nao waliotoka bila kibali walilima kwa nani? Walilima kwetu. Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo tumelinyamazia miaka mingi.

Nyumbani kwetu alikuwapo mama mmoja wa Kinyarwanda aliyepalilia maharage yetu misimu miwili. Kihangaza na lugha yake ni ndugu, kwa hiyo tulizungumza bila taabu. Wazee wa Bugufi hukumbusha kwamba kabla ya Wazungu kuchora mipaka wao walihesabiwa upande wa Burundi, na kwamba ni kalamu tu iliyowafanya wengine wageni na wengine wenyeji. Mama huyu alikuwa na watoto wawili. Tulimlipa kidogo sana, kama walivyolipa wote, tukajisifu kwamba tunamsaidia. Desemba ile ya 1996 wakimbizi wengi waliogopa kurudi. Wakatoka kambini usiku wakaelekea mashariki, ndani ya nchi, mpaka askari wakawageuza. Jioni moja mama yule alikuja mlangoni na watoto wake, wamelowa mvua. Hakuomba kufichwa. Aliomba walale jikoni usiku mmoja, kwa sababu mdogo alikuwa akikohoa. Tulimwambia kwamba imekatazwa, nasi ni watumishi wa serikali. Tulimpa viazi vitamu katika kitambaa. Asubuhi tulitazama barabarani, watu ni wengi kama mto, hatukumwona. Jumapili iliyofuata tulikuwa kanisani tukishukuru kwa ajili ya usalama wa nchi.

Hatusemi kwamba tungeweza kupingana na amri, wala hatujui moyoni mwake kulikuwa na nini, au mume wake alifanya nini mwaka 1994. Hakutuambia nasi hatukuuliza. Twasema hili tu: kwa misimu miwili, alipokuwa akitupalilia bila kibali, sheria hatukuikumbuka. Tuliikumbuka alipoomba jiko.

Sasa turudi kwenye funzo letu. Mzee aliyemkemea mama ni mtu mwema, nasi tumekuwa marafiki tangu ujana. Tulikwenda kwake kabla ya kuandika haya, tukamsomea, akatupa ruhusa. Yeye ana shamba la kahawa na migomba, na kila msimu hulimiwa na watu kutoka ng'ambo. Wengine wana kibali, wengine hawana, na hilo nalo ni neno la siku nyingine. Wanawake watatu waliokuwa kwenye foleni, mmoja wao anapalilia kwake. Mwingine, twasema kwa aibu, ndiye aliyemaliza kupalilia kwetu juma lile lile. Mtoto aliyepata dozi ya mwisho alikuwa amelala kwenye majani pembeni mwa shamba letu siku tatu, na hatukujua kwamba anaumwa, kwa kuwa hatukwenda kumtazama.

Mavuno basi yaliingia kwa mzee na kwetu. Deni la dawa liliingia kwa mama, ambaye hana kibarua hata mmoja, na ambaye mwenyewe alikuwa akipata vibarua zamani kabla wa bei nafuu hawajapatikana. Na aliponung'unika, sisi tulionufaika ndio tuliomwambia asinung'unike. Kama kosa lake lilikuwa kumtaja mgeni, kosa hilo tulimsaidia kulifanya, maana hakuwa na mahali pengine pa kuutua mzigo. Sisi tulikuwa tumejificha nyuma ya neno ukarimu.

Mganga wa zahanati alikubali kuzungumza nasi. Alitueleza kwamba maombi ya dawa huandikwa kwa kufuata matumizi ya nyuma, na kwamba vibarua wengi kwa hofu hutaja majina ya wenyeji au hawaji kabisa mpaka ugonjwa uzidi. Hivyo msimu wa palizi, wagonjwa wanapoongezeka, daftari halionyeshi ni nani wameongezeka wala kwa nini. Alisema pia kwamba dawa ya mseto hupungua kila mwaka msimu huo wa mvua, wawepo vibarua au wasiwepo, na kwamba kamati ya zahanati haijakutana tangu mwaka jana kwa sababu wajumbe hawatimii. Tuliuliza wajumbe ni akina nani. Wawili ni wa mtaa wetu huu. Mmoja ni yule mzee.

Kwa ruhusa ya Kasisi, wale wote wenye kuajiri watu wa palizi wanaombwa kukaa baada ya ibada ya pili Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Yatazungumzwa mambo matatu: kila mwenye shamba atoe nini kwa msimu ili dawa za watoto ziwepo, za wote walio kwenye benchi; kibarua aandikwe kwa jina lake na mwajiri wake aende naye zahanati akiugua; na ujira uwe kiasi gani, ili mwenyeji naye aweze kuuomba bila kufa njaa. Jambo la tatu litaleta ubishi, twajua. Mzee amesema atakuja, ingawa amekwisha kutuambia kwamba juu ya ujira hatakubaliana nasi. Mama tulimwendea nyumbani kwake kumwomba radhi na kumwalika. Alitukaribisha ndani, akatupa viti, akasikiliza. Akasema atafikiri.